Shaaban Robert, karani wa duane aliyeacha vitabu zaidi ya 20

Katika vijiji vya Masisi, kuanzia Karuba mupaka Mushaki na Sake, mtoto akisema anataka kuandika hadithi, mara nyingi watu wanacheka. Anaambiwa kwamba vitabu vinaandikwa na wazungu ao na watu wa Kinshasa wenye diploma kubwa. Anaambiwa tena kwamba kitabu cha kweli kinaandikwa kwa Kifaransa, na Kiswahili ni cha soko tu.

Maisha ya Shaaban Robert yanaonyesha kinyume. Huyu mtu hakusoma sana, hakuwa mtoto wa chifu, na karibu maisha yake yote alikuwa karani wa leta. Lakini njo yeye watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanamuita baba wa uandishi wa Kiswahili wa siku hizi. Amekufa tangu zaidi ya miaka 60, na mupaka leo wanafunzi wa Tanzania na Kenya wanasoma vitabu vyake ku masomo. Huku Kivu, wengi wamesikia jina lake, lakini maisha yake hawayajui.

Mtoto wa pwani, kijana wa wakati wa vita

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, pembeni ya Bahari ya Hindi. Inchi ile ilikuwa ingali chini ya Wajerumani. Kisha ikaitwa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Tanzania. Haiko ile Tanganyika ya Kalemie, ambayo ni jimbo la Congo.

Kwa upande wa baba, asili yake ilikuwa ya Wayao, kabila la upande wa kusini, karibu na Msumbiji na Malawi. Lakini yeye alikulia pwani na alijihesabu kuwa Mswahili. Hii ni jambo la kufikiria huku Masisi, mahali watoto wanazungumuza Kihunde, Kinyarwanda ao lugha ingine nyumbani, na Kiswahili wanakikuta barabarani, sokoni na kanisani. Lugha si ya mtu mmoja. Ni ya yule anayeitumikisha vizuri.

Alipokuwa na miaka mitano, vita ya kwanza ya dunia ilianza. Novemba 1914 Waingereza walileta meli na askari kushambulia Tanga, na Wajerumani wakawarudisha ku bahari. Vita ile ilifika huku pia. Askari na wabeba mizigo kutoka Congo walipita Kivu na Rwanda chini ya Wabelgiji, wakatembea mupaka wakaingia Tabora Septemba 1916. Baada ya vita, Tanganyika ilipewa Waingereza. Kwa hiyo utoto wa Shaaban haukuwa wa amani. Alikuwa kama watoto wengi wa Masisi leo, ambao wanajifunza kuhesabu huku wanasikia mabomu.

Masomo kidogo

Alikuwa na miaka 13 hivi wakati alianza masomo Dar es Salaam, katika mwaka wa 1922. Alimaliza katika 1926 na akapata cheti. Hakufika ku sekondari ya juu, na chuo kikuu hakukijua. Wakati ule, hata katika Tanganyika yote, hakukuwa chuo kikuu.

Katika Masisi kuko vijana wenye miaka 13 ao 14 wangali katika darasa la nne la shule ya msingi, juu masomo yao yalikatwa na kukimbia. Wengi wao wanasikia haya, wanaona wamechelewa. Shaaban Robert katika umri ule alikuwa angali anaanza ile masomo iliyomupa kazi.

Kingereza alichojifunza hakikumutosha. Aliendelea kujisomea yeye mwenyewe, mwaka kwa mwaka, mupaka akaweza kugeuza mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa zamani wa Uajemi, kutoka Kingereza kuingia Kiswahili. Kitabu kile kilitoka katika 1952. Shule ilimufungulia mlango tu. Kusoma kwake mwenyewe njo kulimufikisha mbali.

Karani wa duane

Kuanzia 1926 mupaka 1944 alikuwa karani wa forodha, ile kazi watu wa Goma wanaita duane. Alihamishwa mahali mbalimbali, pamoja na Pangani, mji mdogo wa pwani. Kisha akaenda ofisi ya mifugo, mbali na bahari, upande wa Mpwapwa, inchi ya ng'ombe. Kuanzia 1946 alikuwa katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Mwisho alitumika katika ofisi ya kupima ardhi, sawa na kadastre, mupaka karibu na 1960.

Kwa hesabu ni zaidi ya miaka 30 ya kazi ya ofisi: kujaza vitabu vya ushuru, kuandika barua za wakubwa, kupanga makaratasi. Saa za kuandika mambo yake zilikuwa zile zilizobaki. Mtoto wa Masisi anayetoka masomo, anaenda kuteka maji ao kuchunga ng'ombe, kisha anafungua kaye kabla jua halijaingia, iko katika njia ile ile.

Alianza na mashairi. Wakati ule kulikuwa gazeti la Kiswahili kwa jina Mambo Leo, lililotolewa na leta ya Waingereza Dar es Salaam. Watu wa hali ya chini walituma mashairi yao: walimu, makarani, wakulima. Shaaban alikuwa mmoja wao. Hapo njo wasomaji walianza kumujua, kidogo kidogo, mbele hajapata kitabu hata kimoja.

Barua kwa mdogo wake

Kuko kitu kimoja katika maisha yake ambacho mtoto yeyote anaweza kufanya. Kwa miaka mingi Shaaban Robert alimuandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zilikuwa barua za kindugu: habari za nyumba, za kazi, za magonjwa, za pesa, na za vitabu alivyokuwa anaandika.

Yusuf hakuzitupa. Alizichunga. Katika 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mkubwa wake, zilitolewa kuwa kitabu. Barua za kwanza ni za 1931 na za mwisho ni za 1958. Kupitia barua hizi, watu leo wanajua namna huyu mtu alivyoishi, si kwa kusimuliwa na wengine, lakini kwa mkono wake mwenyewe. Na Yusuf naye akawa mwandishi wa hadithi. Nyumba moja ilitoa waandishi wawili, na kile kilichowaunganisha kilikuwa karatasi na stampu.

Siku hizi kuko simu, na ujumbe unafutika haraka. Simu ikipotea ao ikiibiwa njiani, maneno yote yanapotea nayo. Barua ya karatasi kwa shangazi aliye Goma, ao kwa kaka aliyekimbilia Minova, inafundisha kupanga mawazo: kuanza, kueleza, kumaliza. Tena inaweza kubaki.

Alipofiwa na Amina

Bibi yake wa kwanza, Amina, alikufa angali kijana, na Shaaban akabaki na watoto wadogo wa kulea. Huzuni ile aliiingiza katika shairi lenye jina la Amina, ambalo mupaka leo wanafunzi wanalijua kwa moyo.

Kisha akafanya jambo lingine. Aliwaandikia watoto wake mashairi marefu mawili ya mashauri, ile inayoitwa tenzi. Moja ilikuwa ya binti yake, ya pili ya mwana wake. Ndani alieleza namna ya kuishi na watu, kuheshimu, kujichunga, kutumika kwa bidii. Zote mbili ziko katika kitabu chake Maisha Yangu, ambamo alieleza maisha yake mwenyewe. Alifahamu kwamba mzazi anaweza kuondoka wakati wowote, lakini maneno yaliyoandikwa yatabaki nyumbani.

Mtu aangalie pia kwamba binti alipata utenzi wake sawa na kaka yake. Katika miaka ile, wazazi wengi waliona kwamba kusoma na kuandika si mambo ya binti. Kuna wazazi wa Masisi wanaofikiri vile mupaka leo: kaye ya binti inakuwa ya kwanza kukosekana pesa ikipunguka.

Watoto wengi wa huku wanajua kufiwa. Wamepoteza baba, mama, rafiki wa darasa. Kuandika hakurudishi mtu. Lakini mtoto aliyeandika jina la mama yake, chakula alichopenda kupika, wimbo aliopenda kuimba kanisani, amechunga kitu ambacho vita haikikuti kirahisi.

Kusema bila kutaja jina

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa leta ya wakoloni. Kama angeandika waziwazi juu ya mabaya ya wakubwa, angepoteza kazi ao angefungwa. Basi alitafuta njia ingine. Katika 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika.

Kusadikika ni inchi ya kubuni, inayoelea hewani. Kijana mmoja kwa jina Karama anashitakiwa mbele ya mfalme juu anataka kuwafundisha watu mambo ya sheria. Waziri Majivuno anamusemea mabaya. Karama anajitetea kwa siku sita, na kila siku anaeleza habari ya mjumbe mmoja ambaye inchi ilimutuma mbali kutafuta mema: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na chini ya ardhi. Kila mjumbe alirudi na maarifa yenye faida, na kila mjumbe alitupwa ndani ya gereza. Mwishoni Karama anashinda, na wale wajumbe wanafunguliwa.

Hakuna jina la gavana ndani, hakuna jina la Uingereza. Lakini msomaji aliyekaa chini ya mkubwa mbaya, wa rangi yoyote, alifahamu. Watu wengi wanaona kitabu kile kuwa malalamiko juu ya ukoloni.

Kwa kijana wa Masisi hii ni faida kubwa. Kuna mambo ambayo si vizuri kuyataja huku kwa jina, juu yanaweza kuleta hatari kwa nyumba yake. Hadithi inaruhusu kusema. Mwizi wa ng'ombe anaweza kuwa fisi. Barabara yenye vizuizi inaweza kuwa mto wenye mamba, ambao kila mtu anayevuka lazima atupe kitu ndani. Msomaji ataelewa mwenyewe.

Hadithi za zamani na watu wa karibu

Wengi wanafikiri mwandishi lazima avumbue kila kitu kutoka hewani. Shaaban Robert hakufanya vile. Kitabu chake Adili na Nduguze, cha 1952, kinaeleza juu ya Adili na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, ambao wivu wao uliwafikisha kugeuzwa manyani. Mzizi wake ni hadithi ya zamani ya Uarabuni, kati ya zile za Usiku Elfu na Moja. Yeye aliichukua, akaivalisha nguo mpya, akaipa majina ambayo Mswahili anafahamu, na ikawa yake.

Masisi haikosi hadithi. Kila jioni ku moto, bibi na babu wanajua ya sungura, ya fisi, ya mtoto yatima na mama wa kambo. Mtoto akiisikiliza leo, kesho akaiandika kwa maneno yake, amekwisha kuanza kazi ya mwandishi. Tena ameokoa kitu, juu mzee akifa bila kuandikiwa, hadithi zake zinaenda naye.

Shaaban aliandika pia maisha ya mtu wa kawaida aliyekuwa mkubwa: Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar. Huyu mama alizaliwa katika nyumba ya maskini na alitembeza vyungu kwa kuviuza. Kisha sauti yake ikamufikisha Bombay, India, mahali nyimbo zake zilirekodiwa katika 1928. Alikufa katika 1950. Kwa kumuandika, Shaaban alionyesha kwamba maisha ya muuza vyungu yanastahili kitabu. Katika Utubora Mkulima, alimuchukua mtu anayeacha kazi ya mjini na kurudia jembe, akamufanya kuwa mtu mwenye heshima kubwa kuliko wote katika hadithi. Masisi ni inchi ya jembe, ya maharagi, viazi, maziwa na fromaji. Watu wa kuandikwa hawakosekani.

Kwa wanafunzi aliandika Kielezo cha Insha, katika 1954. Ni kitabu cha mifano ya insha fupi, kusudi mtu anayejifunza aone namna ya kuchukua jambo moja na kulieleza mupaka mwisho. Hii inaonyesha kwamba yeye mwenyewe aliamini kuandika ni kitu cha kufundishwa. Haiko zawadi ya watu wachache waliozaliwa nayo.

Sifa zilikuja, pesa hazikufuata

Haifai kuwadanganya watoto: vitabu havikumutajirisha. Kupata mahali pa kuchapisha kulikuwa vigumu. Kitabu chake cha mashairi, Pambo la Lugha, kilichapishwa mbali sana, Johannesburg, Afrika ya Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye alijaribu kuanzisha kazi yake mwenyewe ya kutoa vitabu pale Tanga, lakini haikumuletea utajiri.

Heshima alipata. Alipewa zawadi ya uandishi yenye jina la Margaret Wrong, na leta ya Uingereza ilimupa nishani. Aliitwa pia katika kamati iliyochunga lugha ya Kiswahili. Karani aliyesoma miaka michache sasa alikaa meza moja na wenye kuamua namna Kiswahili kitaandikwa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuona, lakini kwa muda mufupi tu. Alikufa Tanga katika Juni 1962, na miaka 53. Kazi zake nyingi zilikuwa hazijatoka. Kufikirika, Utubora Mkulima, na utenzi mrefu sana juu ya vita ya pili ya dunia, wote huo ulifikia wasomaji miaka ya 1967 na 1968, yeye akiwa kaburini. Aliziandika bila kujua kama zitasomwa. Leo Dar es Salaam kuko shule ya sekondari yenye jina lake.

Watoto wa Masisi wanaweza kuanza wapi

Katika Congo, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Tangu 2022, inchi imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili kinasomwa kutoka Goma mupaka Mombasa. UNESCO imeweka tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kumbe hadithi iliyoandikwa Karuba inaweza kusomwa mbali kuliko mwandishi wake alivyowahi kutembea. Kiswahili cha Kivu kina namna yake ya kusema, na cha Tanga kina yake. Mwalimu atasaidia kusahihisha, lakini kosa la herufi halimuzuii mtoto kuanza.

Kinachohitajika ni kidogo. Kaye moja isiyo ya masomo, hata ile iliyobaki nusu mwisho wa mwaka. Biki moja. Dakika 15 kwa siku, mara tatu kwa juma. Mtoto aanze na kitu alichoona: soko la Karuba siku ya mvua, ng'ombe aliyepotea na kurudi, safari ya kukimbia, mzee anayemupenda. Akimaliza, amusomee mtu mmoja kwa sauti. Mahali msikilizaji anachoka, pale njo pa kurekebisha.

Mwalimu anaweza kuchukua nusu saa ya Ijumaa, watoto wasome walichoandika, bila kutoa pointi na bila kumucheka mtu. Mzazi ambaye hajui kusoma anaweza kusaidia pia: asikilize, na amuambie mtoto hadithi ya kuandika. Na siku ya kukimbia, wakati mama anafunga vitu, ile kaye iingie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na makaratasi ya maana, kusudi mvua isiiharibu. Yusuf Ulenge alichunga barua za kaka yake kwa miaka zaidi ya 40. Nyumba yoyote ya Masisi inaweza kuchunga kaye moja.